Mapafu ya Mtu wa Kibondo si Madogo

YAPO majibu mawili ambayo mtu yeyote anayethubutu kuuliza habari ya moshi wa mitambo ya umeme katika nyanda za juu za Kigoma hupewa papo hapo, kana kwamba yamekwisha pigwa chapa na kuwekwa tayari kwenye jalada. Jibu la kwanza ni la zamani: "Mashine yenyewe ni ndogo." Jibu la pili lilizaliwa mwaka 2022: "Gridi imekwisha fika, hoja imekufa." Mwandishi wa makala haya ameyasikia yote mawili, la kwanza kutoka kwa watumishi wa umma wanaoheshimika, la pili kutoka kwa walimu wenzake. Jibu la kwanza ni la uongo. La pili lina ukweli nusu, na ukweli nusu ni mgumu zaidi kuujibu, kwa kuwa anayeusema huwa na dhamiri safi.

Tuanze na yaliyopita. Kwa miaka mingi Kibondo na Kasulu zilikuwa nje ya gridi ya taifa. Umeme wa miji hiyo ulizalishwa na Shirika la Umeme, TANESCO, papo hapo mjini, kwa mitambo ya dizeli ambayo kwa kila mji haikufika megawati tatu. Mafuta yake yalisafirishwa kutoka pwani, safari ya zaidi ya kilomita elfu moja, ili yaje yachomwe katikati ya makazi ya watu, karibu na maduka, shule na nyumba za ibada. Mwezi Oktoba mwaka 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alipofanya ziara mkoani Kigoma, kuunganishwa kwa mkoa na gridi ya taifa kulizinduliwa, na mitambo hiyo ya mafuta ikazimwa. Nyaya zilitoka Nyakanazi. Hilo lilikuwa jambo kubwa, na anayestahili sifa apewe. Katika njia zote za kupunguza moshi wa mtambo wa mafuta zilizopata kubuniwa na wahandisi, hakuna inayoishinda ile ya kuuzima.

Lakini sifa ya kuzima isitusahaulishe swali la miaka ile ulipokuwa ukinguruma. Umeme ulipimwa. Kila nyumba ilikuwa na mita yake, na asiyelipa alikatiwa. Mafuta yalipimwa pia, lita kwa lita, kwa sababu mafuta ni fedha na fedha ina mkaguzi. Je, moshi? Nauliza kwa adabu zote: ni mtumishi gani wa wilaya aliyepata kukabidhiwa karatasi inayosema kwamba juma hili bomba la mtambo wa mji wako limetoa masizi kiasi hiki na gesi ya salfa kiasi hiki? Ni mwalimu gani aliyepata kusomewa karatasi hiyo katika mkutano wa mtaa? Kama yupo, na ajitokeze tumpe mkono.

Tufanye hesabu ndogo, maana wasomaji wa ukurasa huu ni watu wa hesabu. Injini ya dizeli ya kufua umeme hutumia takriban robo lita ya mafuta kwa kila uniti moja ya umeme. Megawati moja ikizalishwa mchana na usiku ni uniti 24,000. Kwa hiyo lita zisizopungua 6,000 zimeungua. Kila lita ya dizeli ikiungua hutoa kiasi cha kilo 2.7 za hewa ya ukaa. (Wanafunzi hushangaa hapa: lita yenyewe haifiki kilo moja kwa uzito, itawezaje kuzaa kilo mbili na zaidi? Mwalimu wa kemia atawaeleza kwamba kaboni iliyomo katika mafuta hujinyakulia oksijeni kutoka hewani, na oksijeni hiyo ndiyo inayoongeza uzito.) Basi megawati moja tu, kwa siku moja tu, ni tani kumi na sita. Huo ndio udogo wa mashine ndogo.

Hata hivyo hewa ya ukaa si hoja kubwa ya mkazi wa Kibondo. Hiyo hupaa na kuchangia joto la dunia nzima, na katika deni la dunia nzima sisi si wadaiwa wakubwa. Kinachomhusu mkazi wa jirani na mtambo ni mambo matatu mengine. La kwanza ni masizi, vumbi jeusi lililo jembamba kiasi kwamba pua haiwezi kulizuia, likapita mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu. La pili ni oksidi za nitrojeni, zinazozaliwa kwa sababu ndani ya injini joto ni kali mno hata nitrojeni ya hewa ya kawaida, ambayo kwa desturi haina ugomvi na mtu, inalazimika kuungana na oksijeni. La tatu ni gesi ya salfa, ambayo hutegemea uchafu wa mafuta yenyewe. Mwezi Juni mwaka 2012, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa injini za dizeli katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kundi hilo ndilo lenye tumbaku. Mwaka 2012 mitambo ya miji yetu ilikuwa bado na muongo mzima wa kazi mbele yake.

Sasa tazama jiografia. Kasulu na Kibondo ni miji ya mwinuko, yenye mabonde na vilima. Asubuhi ya Juni au Julai baridi hushuka na kulala bondeni, na juu yake hukaa hewa yenye joto kidogo zaidi, kama kifuniko juu ya chungu. Wenyeji hawahitaji kitabu kulijua jambo hili. Wanauona moshi wa majiko ukijinyoosha juu ya migomba na mashamba ya maharage bila kupanda, mpaka jua lipate nguvu. Moshi wa injini yenye eksozi fupi hufanya vivyo hivyo. Mtaalamu wa tambarare ya pwani, aliyezoea upepo wa bahari unaofagia kila kitu, anaweza kukokotoa kwamba mtambo wa megawati mbili hauna madhara. Aje asubuhi ya Julai.

Nakuja sasa kwenye sheria, na hapa namwomba msomaji asichoke, kwa sababu jambo lenyewe limejificha ndani ya jedwali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ni sheria nzuri. Inasema wazi kwamba kila mtu anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Chini yake zikatungwa Kanuni za Viwango vya Ubora wa Hewa za mwaka 2007. Kanuni hizo zina majedwali ya kiasi gani cha salfa na cha oksidi za nitrojeni kinaruhusiwa kutoka katika bomba la mtambo mkubwa wa kuchoma mafuta. Mtambo mkubwa ni upi? Ni ule wenye nguvu ya joto kuanzia megawati 50.

Nguvu ya joto si nguvu ya umeme. Injini ya dizeli hugeuza kuwa umeme kiasi kisichofika nusu ya joto la mafuta yake, tuseme theluthi moja na ushei. Linalobaki hupotea kwa njia ya maji ya kupozea na eksozi. Basi mtambo wa umeme wa megawati mbili na nusu una joto la megawati saba hivi. Ijumlishe Kasulu na Kibondo pamoja, hazifiki kumi na tano. Mtambo wa Nyakato kule Mwanza, wenye megawati 60 za umeme na unaochoma mafuta mazito, huo umo ndani ya jedwali. Yetu haikuwemo. Kwa hiyo mtumishi aliyesema "mashine yenyewe ni ndogo" hakuwa akizungumza ovyo. Alikuwa akisoma jedwali. Kosa liko kwenye jedwali, na kosa la jedwali ni kubwa kuliko la mtumishi mmoja kwa sababu linajirudia katika kila wilaya.

Mpaka huo wa megawati 50 ulitoka wapi? Ndio huo huo uliokuwa katika mwongozo wa nchi za Ulaya wa mwaka 2001 juu ya mitambo mikubwa. Kule una maana yake. Nchi yenye vinu vya makaa ya mawe vya mamia ya megawati huanza na vinu hivyo, kama vile mkulima anavyoanza kumfukuza nguruwe mwitu kabla hajamgeukia panya. Lakini sisi wa Kibondo tulikuwa na panya peke yake! Hapakuwa na kinu kikubwa kilichokuwa kikitutesa hadi tuahirishe kidogo. Na hao wenyewe wa Ulaya hawakukaa hapo: mwaka 2015 walitunga mwongozo wa pili kwa ajili ya mitambo ya kati, kuanzia megawati moja ya joto hadi 50, baada ya kutambua kwamba wengi hupumua moshi wa mitambo hiyo. Tulipochukua mpaka wao tuliuchukua haraka. Walipouteremsha, mwendo wetu umekuwa wa kobe.

Mtu atasema kwamba ninashabikia ya wageni. La. Kumbuka kesi ya Tabata. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, wakiongozwa na Joseph Kessy, waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya jalala lililokuwa likifuka moshi na kunuka karibu na nyumba zao. Halmashauri ilishindwa, kisha ikarudi Mahakama Kuu kuomba iongezewe muda wa kuendelea kutupa taka pale pale. Jaji Lugakingira alikataa. Alishangaa kwamba chombo cha umma kinaweza kuja mbele ya mahakama kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu, na akalihusisha jambo hilo na ibara ya 14 ya Katiba, yaani haki ya kuishi. Hakuuliza ukubwa wa jalala. Hakuwa na jedwali la megawati. Alitazama kama kuna watu wanaovuta moshi ule na kama anayeufukiza ni chombo cha umma. Hiyo ndiyo busara yetu wenyewe, imezaliwa katika mahakama zetu, kabla ya miongozo yote niliyoitaja. Afrika Kusini nao walifika huko: mwezi Machi mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Pretoria iliamua kwamba hewa chafu ya eneo la vinu vya makaa ya mawe la Mpumalanga inavunja haki ya kikatiba ya wakazi wake. Tabata ilitangulia.

Nina jambo jingine linaloniuma, na nitalisema hata kama litawaudhi baadhi ya rafiki zangu wapenzi wa wanyama na mimea. Mwaka 2008 Tanzania ilitia saini mkataba na Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, na katika mkataba ule mlikuwa na mradi wa kufua umeme kwa maporomoko ya Igamba, mto Malagarasi, hapa hapa mkoani Kigoma. Wataalamu wa mazingira walipokwenda kuchunguza walikuta viumbe wa majini walio adimu mahali pale. Mradi ukaachwa, na badala yake zikaletwa taa za jua kwa shule za sekondari, vituo vya afya na vijiji. Sisemi uamuzi ule ulikuwa mbaya. Kiumbe asiyepatikana kwingine duniani akitoweka hatarudi. Lakini linganisheni hesabu hizi mbili. Viumbe wa Igamba walihesabiwa, wakachorwa, wakaandikiwa ripoti, na mradi ukasimama kwa ajili yao. Kisha, kwa kuwa maji yameachwa, mji ukaendelea na dizeli. Na je, mapafu ya watoto wa Kibondo yaliyopewa dizeli badala ya maji yaliandikiwa ripoti ya unene gani? Baadaye mradi mkubwa zaidi, wa megawati 49.5, ulipangwa katika mto huo huo kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kati ya ndoto ile ya kwanza na hii ya pili imepita zaidi ya miaka kumi ya moshi, na gharama ya moshi huo haimo katika kitabu chochote cha mahesabu ya maji na dizeli. Anayepanga mitambo akiandika sifuri mahali pa moshi, dizeli itaonekana nafuu daima.

Sasa jibu la pili: gridi imekwisha fika.

Imefika kweli. Lakini gridi ni waya mrefu, na waya mrefu hukatika. Mwezi Aprili mwaka 2024 gridi ya taifa ilipata hitilafu na nchi ikaingia gizani, na wala hiyo si siku pekee. Mvua za radi za nyanda hizi kila mtu anazijua. Umeme unapokatika, ni nini husikika katika miji yetu baada ya dakika tatu? Ni mngurumo. Jenereta za ofisi, za benki, za hospitali, za shule, za nyumba za wageni, za vituo vya mafuta, za mashine za kukoboa. Kila moja na eksozi yake, kila moja na fundi wake au pengine bila fundi. Mtambo mmoja wa megawati mbili na nusu uliokuwa na uzio, wahandisi na ratiba ya matengenezo umevunjika vipande mia, na kila kipande kimewekwa chini ya dirisha la mtu.

Mimi mwenyewe nilipata kufundisha katika shule moja ambayo sitaitaja. Jenereta ya shule ile ilikuwa nje ya darasa la kidato cha nne, hatua mbili kutoka dirishani. Wakati wa masomo ya jioni, umeme ukikatika, iliwashwa ili wanafunzi wasome. Walisoma huku wamefunga madirisha, na waliokaa upande ule walitoka macho mekundu, wakikohoa. Nilipouliza kwa nini mashine isisogezwe nyuma ya ghala, nikajibiwa kwamba waya ni mfupi. Nilikwenda kuupima. Kweli, ulikuwa mfupi. Basi mahali ambapo watoto arobaini watavutia hewa kwa mwaka mzima pakawa pameamuliwa na urefu wa waya uliobaki dukani siku ya manunuzi! Sikumlaumu mkuu wangu peke yake. Nami nilikaa miezi mingi kabla ya kuuliza.

Fundi yeyote wa dizeli wa Kasulu atakueleza bure elimu ambayo sisi wenye ofisi hatuitumii. Injini ikitoa moshi mweusi, mafuta ni mengi kuliko hewa: chujio la hewa limeziba, nozeli zimechakaa na zinamwaga badala ya kunyunyiza, au mashine imebebeshwa mzigo kupita uwezo wake. Ikitoa moshi wa buluu, oili inaungua, tazama ringi za pistoni. Ikitoa moshi mweupe hata baada ya kupata joto, mafuta yanapita bila kuungua sawasawa. Kila rangi ni taarifa ya bure. Na kila moshi mweusi ni mafuta yaliyolipiwa na umma yakatupwa hewani bila kufanya kazi. Kwa hiyo hata yule mtumishi asiyejali mapafu ya mtu, akijali hesabu za idara yake, angepaswa kuinua macho atazame bomba.

Usafi wa mafuta nao ni nusu ya vita. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kwamba kuanzia Januari 2015 dizeli isizidi sehemu 50 za salfa katika milioni, kutoka 500 za kabla yake. Faida hiyo imekuja kimyakimya, wala hakuna aliyeipigia ngoma, na bado ni mfano mzuri wa jinsi kiwango kimoja kilichosimamiwa mpakani na bandarini kinavyosafisha maelfu ya mabomba kwa mkupuo. Lakini anayenunua mafuta ya magendo kwenye madumu, ili abakize kitu kidogo mfukoni, anaurudisha uchafu ule kwa mlango wa nyuma. Mafuta ya dumu hayana kiwango. Na salfa ikiwa nyingi, hata vichujio vya kisasa vya masizi huharibika.

Najua jibu la tatu litakuja, maana hoja ya moshi haikosi mjibuji. Atasema: mwandishi anahangaika na jenereta ilhali akina mama wa Kasulu na Kibondo wanapikia kuni kila siku, na moshi wa kuni unawadhuru zaidi kuliko wa dizeli. Hapo nakubali bila ubishi. Moshi wa jikoni ni msiba mkubwa kuliko huu. Lakini mama anayepikia kuni hakuchagua. Hana gesi, hana fedha ya mtungi. Jenereta ya ofisi ya umma imenunuliwa kwa zabuni, imewekwa mahali kwa amri, inajazwa mafuta kwa hati ya malipo. Kila hatua ina sahihi ya mtu mwenye cheo. Mtu asitumie kikohozi cha mama yake kama hati ya kuhalalisha kikohozi anachomletea mtoto wa jirani. Tena huyo huyo mama, akitoka jikoni kwenda kliniki, ndiye anayekaa katika benchi la nje karibu na jenereta.

Basi nini kifanyike? Serikali kuu ina lake: kulishusha jedwali. Mitambo ya dizeli ya kufua umeme kuanzia megawati moja ya joto iwe na viwango vyake vya masizi, salfa na oksidi za nitrojeni, vinavyolingana na uwezo wetu wa kuvipima, na kila mwenye mtambo alazimike kupima walau mara moja kwa mwaka. Jambo hili ni la haraka kuliko linavyoonekana. Mitambo iliyozimwa Kibondo au Kasulu si magofu. Injini ya dizeli hufungwa kwenye lori ikapelekwa kwingine. Ikihamishiwa mji mwingine mdogo usiofikiwa na gridi, jedwali lile lile litaisubiri kule na kuiambia tena kwamba ni ndogo. Tutakuwa tumehamisha moshi wetu kwenda kwa ndugu zetu, na kujipongeza.

Na wakati huo huo tusijidanganye kwamba umeme unaokuja kwa waya hauna moshi wa mtu. Sehemu yake ni maji. Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 limebadilisha hesabu sana, na Rusumo ya megawati 80 tunagawana na Rwanda na Burundi. Sehemu nyingine ni gesi asilia inayochomwa Ubungo na Kinyerezi. Gesi haina masizi ya kuonekana wala salfa ya kutajwa, lakini oksidi za nitrojeni inazo, na majirani wa Kinyerezi nao wana pua. Siku makaa ya mawe ya Mchuchuma au Kiwira yatakapochomwa kufua umeme, suala hili litakuwa kubwa mara mia, litahitaji mitambo ya kunasa vumbi kwa umeme na ya kuoshea salfa kwa chokaa, na taifa lisilojua kupima moshi wa megawati mbili litaanza kujifunzia kwenye megawati mia sita. London walijifunza hivyo mwezi Desemba 1952, ukungu wa moshi wa makaa ulipofunika jiji kwa siku tano na kuua maelfu. Sheria yao ya hewa safi ikaja mwaka 1956, makaburi yakiwa yamekwisha jaa.

Lakini yaliyo mengi hayasubiri Dodoma. Sheria ile ya mwaka 2004 inazitaka halmashauri kuwa na ofisa wa mazingira. Ofisa huyo wa Kibondo, na mwenzake wa Kasulu, hana haja ya mtambo wa kupimia kutoka ng'ambo ili aanze. Ahitaji daftari. Aandike jenereta zote za taasisi za umma katika eneo lake: ukubwa wake, ilipo, umbali wake kutoka dirisha la karibu, urefu wa eksozi, saa ilizofanya kazi, lita ilizokunywa, rangi ya moshi, tarehe ya kubadilishwa chujio. Mistari minane. Kisha halmashauri itoe agizo kwamba hakuna eksozi itakayoishia chini ya paa la jengo lililo jirani, na hakuna jenereta itakayowekwa upande wa upepo wa wodi au darasa. Bomba refu haliondoi moshi, nalijua hilo, linautawanya tu. Lakini kati ya kuutawanya juu ya paa na kuusukumia katika dawati la mtoto, tofauti haihitaji shahada.

Walimu wa sayansi wana kazi yao pia. Karatasi nyeupe iliyopakwa mafuta kidogo, ikibandikwa dirishani siku ambayo jenereta inafanya kazi na nyingine siku ambayo haifanyi, ni maabara kamili. Wanafunzi wailinganishe rangi, waandike, wapeleke nakala kwa mkuu wa shule. Mkuu wa shule anaweza kumkatalia mwalimu mmoja mwenye maneno mengi. Karatasi mbili zilizobandikwa ubaoni, moja nyeupe na moja ya kijivu, ni vigumu kuzikatalia mbele ya wazazi.

Waya wa shule ile niliyoitaja ulinunuliwa hatimaye, mita thelathini, baada ya mzazi mmoja ambaye ni seremala kuja kikaoni na kuuliza bei yake. Ilitajwa. Wazazi walichanga pale pale, na salio likarudi kwa mweka hazina. Jumatatu iliyofuata jenereta ilikuwa nyuma ya ghala, na madirisha ya kidato cha nne yalikuwa wazi.